Superposed au Model 21: kuikagua bunduki kongwe ya skiti kabla ya kutoa pesa

Mezani kwa muuzaji palikuwa na bunduki mbili za mitutu miwili, zote geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), zote zimetengenezwa kwa ajili ya skiti, mchezo wa kupiga visahani vinavyorushwa hewani, na uwezo wangu ulikuwa wa moja tu. Ya kwanza Browning Superposed ya mwaka 1969, kazi ya kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, mtutu mmoja umelala juu ya mwenzake. Ya pili Winchester Model 21 ya New Haven, Connecticut, ya mwishoni mwa miaka ya 1940, mitutu imekaa ubavu kwa ubavu. Browning ilikuwa inang'aa kama kabati la bibi harusi. Winchester ilikuwa imekatwa kitako na kuwekewa mpira mwekundu, na rangi ya chuma imechujuka pale mkono unapoibebea. Ya kwanza dola 1,900, ya pili dola 4,300.

Ningekuwa peke yangu ningeondoka na ile inayong'aa. Bahati nilikwenda na fundi wa bunduki ambaye ni mzee wangu pale uwanjani, mtu wa maneno machache na bisibisi nyingi. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwake, na nayaandika kwa sababu wenzangu Waswahili tulio huku Marekani tumeanza kuupenda mchezo huu, na sijaona mtu aliyeyaeleza kwa lugha yetu.

Kwanza skiti yenyewe, kwa ufupi, maana mchezo ndio unaoeleza jinsi bunduki inavyochakaa. Ulianzia Andover, Massachusetts, mnamo 1920 hivi, Charles Davis na William Harnden Foster wakitafuta namna ya kujinoa kwa ajili ya kuwinda grouse, ndege wa porini anayeruka ghafla. Mwaka 1926 gazeti likatangaza shindano la kuupa mchezo jina, na mama mmoja wa Dayton, Montana, Gertrude Hurlbutt, akashinda dola 100 kwa neno hilo la skiti. Visahani vya udongo hurushwa kutoka vibanda viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, nawe unazunguka vituo vinane ukipiga risasi 25. Kisahani hupasuliwa kwenye umbali wa mita 20 hivi, kwa hiyo mitutu ya skiti huwa na mdomo ulio wazi, marisau yasambae mapema.

Sasa piga hesabu. Mchezaji wa kawaida hupiga raundi nne siku ya mapumziko, risasi 100. Mwaka mmoja ni risasi 5,000. Miaka kumi, 50,000. Bunduki ya mwindaji huenda isifikishe hata 5,000 maisha yake yote, ila hunyeshewa, huanguka kwenye mawe, hulala na matope. Ya skiti hukaa kwenye boksi la velveti, hufutwa mafuta kila jioni, na bawaba yake hufunguliwa na kufungwa mara elfu kwa elfu. Ndiyo maana unaweza kukuta bunduki ya skiti nzuri kama mpya kwa nje, na ndani imechoka kabisa. Ukiikagua kwa macho ya mwindaji, yaani ukatafuta kutu na mikwaruzo, utaipa alama za juu bunduki inayostahili kwenda karakana.

Wenzo na bawaba

Kabla ya kugusa chochote, fungua bunduki, tazama vyumba vyote viwili, hakikisha havina risasi. Fanya hivyo hata kama muuzaji ameshafanya mbele yako, na ukimpa mtu mwingine, naye afanye.

Kisha ifunge taratibu na utazame ule wenzo wa juu, wa kufungulia kwa kidole gumba. Bunduki mpya iliyokazwa vizuri, wenzo husimama upande wa kulia wa mstari wa kati. Jinsi chuma kinavyolika, kufuli huingia ndani zaidi na wenzo husogea kushoto kidogo kidogo. Ukiwa bado kulia, una maisha mengi mbele. Ukiwa katikati, bunduki ni mtu mzima. Ukivuka kushoto, jua kuna gharama inakungoja. Lakini angalia pia dalili za ujanja, kwa sababu kuna watu hupigapiga nyundo chuma cha kufuli ili kirudi kujaza nafasi, na wenzo hurudi kulia kwa muda. Alama za nyundo huonekana ukimulika kwa tochi.

Hatua ya pili ni kutikisa. Hapa ndipo bunduki hizi mbili zinapoachana. Kwenye Model 21 unatoa ubao wa mbele wote, ule wa chini ya mitutu unaoshikwa kwa mkono wa mbele, unafunga bunduki bila huo ubao, unashika kitako kwa mkono mmoja na mitutu kwa mwingine, unatikisa juu chini na kulia kushoto. Ubao wa mbele huwa na springi inayobana, kwa hiyo ukiuacha mahali pake unaweza kuficha ulegevu. Kwenye Superposed huwezi kuutoa hivyo. Ubao wake wa mbele husogea kwenda mbele tu na kubaki umeshikamana na mitutu, hata unapoivunja bunduki vipande viwili. Ndivyo John Browning alivyoiunda. Basi usogeze mbele uwezavyo, utikise, na uielekeze kwenye dirisha ufunge jicho moja. Ukiona uzi wa mwanga kati ya sehemu ya nyuma ya mitutu na uso wa fremu, yaani kiwiliwili cha chuma ambacho mitutu hujifungia, bunduki imeachia.

Fundi wangu alitumia pia karatasi ya sigara. Anaikata kipande, anakiweka kati ya mitutu na fremu, anafunga, anavuta. Ikibanwa pande zote, hakuna neno. Ikitoka bila kuchanika, pana nafasi. Superposed ile ilibana vizuri upande wa juu, ikaachia kidogo chini. Wenzo wake ulikuwa katikati kabisa. Model 21, pamoja na uzee wake wote wa nje, wenzo ulikuwa bado kulia, na nilipotikisa nilihisi kama nimeshika nondo moja.

Sikushangaa baadaye niliposoma habari zake. Familia ya Olin iliponunua Winchester mwaka 1931, John Olin aliipenda bunduki hii kuliko zote, na ili kuonyesha uimara wake waliifyatulia risasi 2,000 za majaribio, zile zenye shinikizo kubwa kupita kiasi ambazo kwa kawaida kiwanda hufyatua chache tu. Haikupasuka. Mitutu yake haikuunganishwa kwa moto mkali wa kulehemu kama bunduki nyingi za namna yake. Kila mtutu umefuliwa pamoja na nusu ya kishikio chake cha chini, kile kinachoingia kwenye fremu, na nusu mbili zikaingizwa moja ndani ya nyingine kama maungo ya seremala.

Hata hivyo nisiidhulumu Superposed. Bawaba yake ni pini nene inayopita upana wote wa fremu, na fundi anaweza kuitoa na kuweka nyingine yenye unene zaidi kidogo. Kufuli nalo hubadilishwa. Superposed iliyopiga risasi nyingi si mzoga. Ni bunduki inayohitaji matengenezo, nawe uyatoe kwenye bei kabla hujalipa.

Chumvi

Hapa naomba msomaji atulie, maana hili ndilo lililoamua mambo.

Kati ya mwaka 1966 na 1971 hivi, Browning walikuwa na mahitaji makubwa ya mbao za jozi, na mbao zikakaushwa haraka kwa kutumia chumvi badala ya kuachwa miaka zikauke zenyewe. Mbao zilitoka nzuri, zimenyooka, zina mishipa ya kupendeza. Lakini chumvi haikutoka yote. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, na pale mbao inapogusana na chuma, kutu huanza kula kimyakimya kwa miaka. Kwa nje huoni kitu. Sisi tuliokulia Pwani tunaijua tabia hiyo bila kufundishwa: mabati na baiskeli za nyumba iliyo karibu na bahari hazikai kama za bara.

Mwaka wa Superposed si mgumu kuujua. Tangu mwaka 1962, nambari yake huandamana na herufi ya geji, S kwa geji 12 na V kwa geji 20, pamoja na tarakimu ya mwaka. Ile ya mezani ilikuwa ya 1969, katikati kabisa ya miaka ya chumvi. Si kila bunduki ya miaka hiyo ina ugonjwa huu, ila kila bunduki ya miaka hiyo ipimwe, na mimi ningeongeza mwaka mmoja au miwili kila upande kwa usalama.

Kupima si kazi. Omba ruhusa ya kufungua skrubu mbili zinazoshika bamba la nyuma ya kitako. Muuzaji anayekataa amekwisha kujibu swali lako. Wetu aliruhusu, tena kwa moyo mweupe, kwa kuwa hata yeye hakuwahi kuzifungua. Ya kwanza ilitoka kwa shida, inakwaruza. Fundi akaiweka kwenye kitambaa cheupe mbele yangu. Meno yake yalikuwa yamelika, yamejaa unga mwekundu kama udongo wa Dodoma, na kitambaa kikabaki na doa. Ya pili ilikuwa hivyohivyo.

Bado akataka uhakika zaidi. Alikuwa na chupa ndogo ya maji ya nitreti ya fedha, akadondosha tone moja kwenye mbao tupu chini ya bamba, pale pasipo vanishi. Tone likageuka jeupe kama maziwa. Kwenye mbao isiyo na chumvi halipati weupe ule. Ni kemia ya darasani tu, fedha na chumvi zikikutana hufanya chembe nyeupe, lakini siku ile ilinipiga kama hukumu ya mahakama.

Kisha tukatazama kwa miwani ya kukuzia kingo ambapo ubao wa mbele unakutana na mitutu, na mkia wa fremu unapozama kwenye kitako. Vidoa vidogo vya kutu vilikuwa vinachungulia, vimefutwa mafuta juu yake.

Dawa yake ni moja ya kweli: mbao zote mbili zitoke, chuma kisafishwe, ziwekwe mbao mpya. Wapo wanaopaka vanishi ndani na kutumaini. Mimi sitaki kutumaini kwa pesa yangu. Kitako kipya na ubao mpya wa mbele, vikichongwa na mtu anayejua, vinaweza kula nusu ya bei ya bunduki yenyewe ya daraja la kawaida, achilia mbali kile utakachokikuta chuma kikishavuliwa.

Ndani ya mitutu

Kwenye mitutu, alama za msongo, yaani jinsi mdomo wa mtutu ulivyobanwa, ndizo za kusoma kwanza. Superposed hutumia nyota: nyota moja ni mdomo mwembamba kabisa, nyota tatu ni mdomo usiobanwa, na nyota mbili zikifuatwa na alama ya $ ndiyo skiti. Model 21 ya skiti huandikwa WS-1 na WS-2. Ukiona alama hizo, furahi, lakini usiamini mpaka upime. Miaka ya nyuma wengi walichukua bunduki ya bata yenye mdomo mwembamba wakaichonga iwe wazi, kisha wakaiita ya skiti. Kuchonga ni rahisi, kurudisha chuma kilichochongwa haiwezekani. Kipimo cha ndani ya mtutu chenye saa ndicho husema kweli. Geji 12 kwa kawaida huwa na kipenyo cha milimita 18.5 hivi, na mdomo wa skiti hupungua kidogo mno, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Bunduki zote mbili zilikuwa na namba zinazolingana na alama zake. Hapo zilitoka sare.

Unene wa ukuta wa mtutu nao upimwe, hasa kama ndani kumesuguliwa kuondoa vishimo vya kutu. Mafundi wengi huona wasiwasi ukuta ukishuka chini ya nusu milimita. Kwa mibonyeo na mivimbo, elekeza mtutu kwenye mwanga na utazame pete za kivuli ndani yake. Pete ikipindika au kukatika, hapo pana neno, na mvimbo wa duara zima ni habari mbaya kuliko mbonyeo, maana huonyesha kitu kiliziba mtutu wakati wa kufyatua.

Kuna jaribio jingine nalipenda kwa sababu linatumia sikio. Mitutu ya Model 21 ikishatolewa, itundike kwa kidole kupitia kishikio cha chini na uigonge kwa kifundo cha kidole. Ikilia kama kengele, mbavu zilizolehemiwa kati ya mitutu zimeshika. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, mahali fulani ulehemu umeachia na maji huingia. Yetu ililia mpaka mtu wa meza ya pili akageuka. Kwa Superposed jaribio hili halisemi mengi, kwa sababu ule ubao wa mbele unaobaki kwenye mitutu hunyamazisha sauti. Badala yake paka mafuta mepesi kwenye mshono wa mbavu, bonyeza kwa kidole gumba ukishuka, uone kama vinatokea vipovu.

Triga, virusha maganda, na mbao

Hapa nipite haraka. Weka risasi za bandia, fyatua mitutu yote miwili, fungua. Maganda yote mawili yaruke pamoja na yafike umbali unaokaribiana. Kwenye Superposed kirusha ganda kimoja kilikuwa kivivu, jambo la springi, si la kuvunja biashara. Triga moja ya mitutu miwili lazima ijaribiwe kwa risasi za kweli uwanjani, kwa sababu tatizo lake kubwa, kufyatua mitutu miwili kwa mpigo, mara nyingi halionekani mpaka kuwe na kishindo.

Vichwa vya skrubu vichunguze. Skrubu za kiwanda mfereji wake ni mwembamba na kingo zake ni kali. Zikiwa zimepanuka na kumeguka, mtu asiye na bisibisi sahihi ameshapita. Maandishi na michoro nayo: kingo zikiwa laini kama sabuni iliyotumika, chuma kimesuguliwa na kupakwa rangi upya. Model 21 ile haikupakwa rangi upya. Uchakavu wake ulikuwa wa mikono ya watu, mahali pake, na mimi nauheshimu kuliko mng'aro wa karakana.

Kitako kilichokatwa kilinisumbua kweli. Kwa mkusanyaji wa vitu vya kale ni dosari isiyosameheka, na bei hushuka. Kwa mpigaji ni suala la sentimita mbili. Nyufa ndizo za kuogopa, hasa nyuma ya mkia wa fremu, ambako mafuta yanayomwagika miaka mingi hulainisha mbao mpaka iwe nyeusi. Pale palikuwa pakavu.

Basi nani achukue ipi

Kwa kupiga skiti tu, kila Jumamosi, ningekushauri Superposed kuliko Model 21, ilimradi iwe ya kabla ya miaka ya chumvi au iwe imeshabadilishwa mbao na fundi anayejulikana. Mitutu iliyolaliana hukupa mstari mmoja mwembamba wa kulengea, na jicho linalojifunza huupata haraka zaidi kuliko upana wa mitutu miwili iliyokaa ubavuni. Zimetengenezwa kwa wingi tangu 1931 hadi 1976, ukitoa miaka ya vita, kwa hiyo vipuri na mafundi wanaozijua wapo, na kwa hali inayolingana bei yake ni nafuu sana ukilinganisha na Model 21. Ukiikuta ya 1962 imechubuka, wenzo katikati, mbao ina makovu lakini skrubu za kitako ni safi, chukua hiyo uache ya 1969 inayong'aa.

Model 21 ni ya mtu anayetaka bunduki moja ya kuzeeka nayo. Zilizotengenezwa hazizidi sana 30,000, na baada ya 1960 ikawa ya kuagizwa tu. Ina faida moja kubwa kwa mnunuzi: kumbukumbu zake za kiwanda zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la silaha la Cody, Wyoming, nawe unaweza kulipia barua inayoeleza bunduki yako ilitokaje siku ya kwanza. Hilo ni muhimu, kwa sababu Model 21 za kawaida zimekuwa zikichorwa na kupambwa baadaye ili zipande daraja.

Kwa zote mbili, risasi za marisau ya chuma kigumu ziwekwe kando. Browning wenyewe huonya zisitumike kwenye Superposed za Ubelgiji, na mimi siziweki kwenye mtutu wowote wa umri huo. Viwanja vinavyokataza risasi ya madini ya risasi vinakulazimu kununua marisau laini ya bismuthi, na bei yake utaiona mwenyewe. Uliza uwanjani kwako kabla ya kununua bunduki.

Na ndugu zangu wenye karatasi za muda: mwenye green card anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua kwa muuzaji mwenye leseni, lakini mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa sababu chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji, na majimbo yana masharti yake juu ya hayo. Uliza kabla ya kusaini fomu, si baada.

Mimi nilichukua Model 21. Ilinibidi nisubiri miezi mitatu kuikamilisha pesa, na muuzaji akapunguza dola 300 kwa ajili ya kitako kilichokatwa. Barua ya Cody ilifika baadaye: mitutu inchi 26, WS-1 na WS-2, kama ilivyo leo. Fundi ameunganisha kipande cha jozi kwenye kitako kurudisha zile sentimita mbili, akapanga mishipa ya mbao ifuate ya zamani. Ukitazama kwa karibu, mshono unaonekana, na sikumwambia aufiche.